Mwizi wa nanasi, na hilo neno "tu"

Ukitoka Nairobi kwenda Murang'a au Nyeri, ukishapita Thika unakutana na mananasi ya Del Monte, shamba lililoenea kaunti mbili, Kiambu na Murang'a. Huenda umewahi kununua nanasi kando ya barabara hiyo kwa bei ya kutupa, na hukuuliza limetoka wapi.

Desemba 2023, miili ya wanaume wanne iliopolewa kutoka Mto Thika, karibu na shamba hilo. Wenyeji walisema walikuwa wameenda kuiba mananasi. Juni mwaka huohuo, gazeti la The Guardian lilikuwa limechapisha madai kwamba walinzi wa shamba walipiga watu, wengine hadi kufa. Kampuni ilikanusha kuhusika na vifo vya wanne hao. 2024 iliwaachisha kazi walinzi wake na kuwapa G4S ulinzi.

Mitaani wengine walisema: "Si walikuwa wezi tu?" Hebu litazame hilo "tu". Kifungu cha 275 cha sheria ya makosa ya jinai kinampa mwizi kifungo kisichozidi miaka mitatu, tena baada ya kesi. Hakuna kifungu kinachosema mtoni.

Msosholojia Robert Merton aliandika mwaka 1938 kwamba jamii humwambia kila mtu lazima aomoke, lakini njia halali za kuomoka inawapa wachache. Wengine wanakata kona. Hilo haliufanyi wizi kuwa halali. Vijana wengi wa Makuyu na Kandara hawana kazi na hawajaiba hata tunda moja. Lakini linakuonyesha kwa nini kuongeza walinzi na mbwa hakujamaliza wizi.

Mwingine, Howard Becker, aliuliza mwaka 1963: nani ana nguvu ya kumwita mwenzake mhalifu? Swali hilo lina uzito hapa. Kwa miaka mingi wakazi wa Kandara wamedai, mbele ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi na mahakamani, kwamba babu zao walifurushwa kwenye ardhi hiyo enzi za mkoloni. Anayebeba gunia la mananasi usiku anaitwa mwizi asubuhi. Wanaosema waliporwa ardhi nzima wanaitwa walalamishi, na faili yao imezunguka ofisini kwa miaka mingi.

Jina likishakushika, halitoki. Ukihukumiwa kwa gunia moja, cheti cha tabia njema cha DCI kitakufuata kila unapoomba kazi. Njia halali inazidi kuwa nyembamba, na shamba liko palepale.

Kwa hivyo ukisikia tena "mwizi ameuawa", usianze na alichoiba. Uliza nani alimhukumu. Na wewe uliyekula lile nanasi la bei rahisi, uliitwa nani?