Trei ya Pili Hainunuliwi kwa Wingi wa Karatasi

Fundi anayechapa vikombe, fulana na jezi kwa sublimesheni akisikia kwamba printa yake inaweza kuongezewa trei, swali lake la kwanza huwa ni moja: inabeba karatasi ngapi? Wauzaji nao husifia hapo hapo, karatasi 100, karatasi 250. Swali hilo ni la ofisini, kwenye barua na ripoti. Kwenye sublimesheni halina uzito, na hesabu yake haihitaji kalamu ndefu. Kikombe hukaa kwenye mashine ya joto dakika tatu hadi tano hivi. Tuseme dakika nne, bila hata kuhesabu muda wa kukivisha karatasi na kukibandika utepe. Karatasi 250 zenye picha moja moja ni dakika 1,000 za kupiga joto, yaani karibu saa 17 kwa mashine moja. Fulana hukaa chini ya joto kwa sekunde 45 hadi 60, lakini ukijumlisha kuitandaza, kuilenga picha na kuivua, haipungui dakika mbili, na fulana 250 zinakula zaidi ya saa nane. Trei iliyokuja na printa inatosha kulisha kazi ya kutwa nzima. Anayelipia ya pili ili apate karatasi nyingi zaidi ananunua kitu alichonacho tayari.

Hata hivyo trei ya pili ina faida, tena kubwa kwa baadhi ya mafundi. Faida yenyewe iko katika kupunguza makosa, na katika kuipa karatasi njia nyingine ya kupita ndani ya mashine. Kuielewa inabidi kutazama kazi inavyokwenda. Rangi ya wino wa sublimesheni ikipata joto la nyuzi 180 hadi 200 hivi hutoka kwenye ugumu ikawa mvuke moja kwa moja, bila kuyeyuka kwanza. Mvuke huo huingia ndani ya poliesta, au ndani ya utando wa polima uliopakwa juu ya kikombe, na vikipoa rangi hubaki humo humo. Ndiyo maana fulana ya pamba tupu haishiki picha, na ndiyo maana kitambaa cheusi hakifai, kwa sababu rangi hizi hupenyesha mwanga na wino mweupe haumo. Karatasi ni mbebaji tu. Upande wake mmoja umepakwa dawa inayouzuia wino usizame kwenye nyuzi, ili joto likifika uachie wote.

Hapo ndipo penye mtego. Picha ya sublimesheni ikiwa bado kwenye karatasi huonekana imepauka, hata kama imechapwa sawasawa. Nyeusi inakuwa kijivu, nyekundu inafifia, na mteja akiiona anaweza kudhani wino umekwisha. Rangi ya kweli hujitokeza baada ya joto. Kwa hiyo aliyechapa kwenye upande usiopakwa dawa hana namna rahisi ya kulijua kosa kwa kuangalia karatasi. Atalijua kikombe kikishatoka na picha hafifu yenye mabaka, na rangi ikishaingia haifutiki. Karatasi iliyopotea ni hela ndogo. Kikombe cheupe, jezi au sahani ya saa ya ukutani ndiyo mtaji, na ndiyo inayokwenda na kosa lililofanyika pale kwenye trei.

Makosa ya namna hii mara nyingi huingia wakati wa kubadilisha karatasi. Karakana yenye trei moja inachapa vikombe kwa A4 asubuhi, mchana anakuja mtu wa jezi anayetaka karatasi kubwa zaidi, jioni unarudi kwenye A4. Kila mara trei inavutwa, karatasi inatolewa, vibano vya pembeni vinasogezwa, nyingine inapangwa, kisha kompyuta inaambiwa ukubwa mpya. Karatasi iliyotolewa inawekwa mezani, na ikirudi hakuna anayekumbuka kwa hakika upande upi ulikuwa juu. Ukiwa na trei mbili, A4 haiguswi. Kinachoingia na kutoka ni karatasi ya kazi maalumu pekee, na fundi anapoigusa huwa akili yake iko kwenye kazi hiyo.

Mtu makini atapinga hapa, na ana haki. Trei ya pili yenyewe huleta chanzo kipya cha kosa. Katika printa nyingi za aina hii, trei ya chini hunyonya karatasi kutoka mbele na kuipindua ndani ya mashine, kwa hiyo upande wa kuchapwa huwekwa ukitazama chini. Trei ya nyuma hupeleka karatasi karibu moja kwa moja, na upande wa kuchapwa hutazama juu. Mashine moja, kanuni mbili zinazopingana. Pingamizi hilo ni la kweli, lakini dawa yake ni nyepesi kuliko ugonjwa: kipande cha utepe kwenye kila trei, kimoja kilichoandikwa UPANDE WA KUCHAPWA CHINI na kingine UPANDE WA KUCHAPWA JUU, kwa kalamu isiyofutika. Karatasi nyingi za sublimesheni zina alama au rangi hafifu mgongoni, na zisizo nayo zinaweza kuchorwa alama ndogo ya penseli kwenye kona mara pakiti inapofunguliwa. Kanuni iliyobandikwa mahali pake haimtegemei fundi kukumbuka. Kubadilisha karatasi mara kadhaa kwa siku kunamtegemea.

Faida ya pili ni njia iliyonyooka, na hapa trei ya nyuma inaitangulia ya chini kwa mbali. Mfano mzuri ni printa za Sawgrass, kampuni ya Marekani. SG500 kwa trei yake ya kawaida hupokea karatasi ya hadi inchi 8.5 kwa 14. Ikifungwa trei ya nyuma, ambayo huuzwa peke yake, upana unabaki ule ule lakini urefu unafika inchi 51, yaani karibu sentimita 130. Kaka yake mkubwa, SG1000, hutoka kwenye inchi 11 kwa 17 hadi upana wa inchi 13 ikipitia nyuma. Kwa karakana ya Dar es Salaam au Nairobi urefu huo una maana ya kazi mahususi: kamba za kuning'inizia vitambulisho shingoni, ambazo huwa na urefu wa karibu sentimita 90, na skafu za mahafali. Kamba iliyochapwa kwa vipande viwili na kuunganishwa katikati hujionyesha. Jina la kampuni linakatika au rangi inapishana.

Lakini urefu una adhabu yake. Karatasi ikiingia imepinda kwa milimita moja tu katika kila sentimita 10, kwenye A4 kosa ni milimita tatu na pengine hakuna atakayeliona. Kwenye karatasi ya sentimita 130 kosa hilo hilo limekuwa milimita 13, na kamba ya kitambulisho ina upana wa milimita 20 hivi. Maandishi yanaweza kutoka nje ya kamba kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo vibano vya trei ya nyuma vinapaswa kuigusa karatasi bila kuibana, na sehemu inayobaki nje inahitaji kushikiliwa na meza, au mkono, isivute chini kwa uzito wake. Tena kuna mashine ya joto. Zilizoenea karakanani ni za sentimita 38 kwa 38 au 40 kwa 60, na hakuna trei itakayozirefusha. Mwenye mashine hizo atapiga kamba yake kwa awamu, na pale awamu mbili zinapokutana rangi inaweza kuacha mstari. Asiyekuwa na mashine ndefu, wala mpango wa kuipata, hana sababu ya kulipia inchi 51.

Kuifunga trei yenyewe si kazi ngumu, ila ina mambo mawili ambayo watu huyaruka. Zima printa kwa swichi yake, usubiri itulie na kichwa kirudi mahali pake, ndipo uchomoe waya ukutani. Ukichomoa kabla, kichwa kinaweza kubaki wazi na wino ukakaukia kwenye matundu. Trei ya chini hukaa mezani na printa hupandishwa juu yake ikiwa imelala sawa, na watu wawili ni bora kuliko mmoja, kwa kuwa printa ya wino ikiinamishwa inaweza kumwaga wino ndani yake. Toa tepu zote za kiwandani, hata zile ndogo zilizojificha chini ya sahani ya kusukumia karatasi. Trei ya nyuma kwa kawaida hudai kifuniko cha nyuma kiondolewe na ndoana zake ziingie hadi zigonge. Jambo la pili liko kwenye kompyuta. Kufunga chuma hakutoshi. Programu ya kuchapia lazima ielezwe kuwa trei ipo, kisha kila kazi iteuliwe trei yake na ukubwa wake. Ukubwa ulioandikwa ukitofautiana na karatasi iliyomo, printa husimama na kulalamika, na hilo ni heri. Ikikubali kimyakimya, itachapa picha nje ya ukingo na kuuchafua mhimili wa chini, na karatasi kadhaa zinazofuata zitatoka na madoa ya wino mgongoni.

Wapo wanaosema, na hasa watu wa pwani, kwamba trei ya pili maana yake ni karatasi nyingi zaidi zilizoachwa hewani. Hili ndilo pingamizi lenye nguvu kuliko yote. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam unyevu wa hewa mara nyingi hupita asilimia 70, na karatasi ya sublimesheni hunyonya unyevu kwa pupa. Ikishanyonya hujikunja kingo, na ukingo uliojikunja hugongwa na kichwa cha printa na kuacha mstari mchafu, au hukwama kabisa. Ikipona hapo, maji yaliyomo hugeuka mvuke chini ya joto na kuisukuma rangi pembeni, ndipo unapoona picha yenye ukungu au madoa kwenye kikombe. Nakubaliana na hoja, sikubaliani na hitimisho lake. Trei haikulazimishi kuijaza. Weka karatasi za kazi ya siku hiyo tu, 20 au 30, jioni rudisha zilizobaki kwenye mfuko wake na uufunge. Ukifanya hivyo trei mbili zenye karatasi chache zina unyevu mdogo kuliko trei moja iliyojazwa tangu wiki iliyopita. Hapo tena ule uwezo wa karatasi 250 unaonekana ulivyo pambo tu.

Limebaki la fedha. Anayechapa vikombe peke yake hahitaji trei ya pili, na asidanganywe. Picha ya kuzunguka kikombe cha kawaida ni karibu sentimita 20 kwa 9, na A4 moja inaingiza tatu kwa kuzipanga moja chini ya nyingine. Mkasi unamaliza kazi. Vivyo hivyo karakana nyingi za Afrika Mashariki hazitumii printa zilizoundwa kwa sublimesheni. Zinatumia Epson za matangi, L805 ya A4 au L1800 ya A3+, zilizojazwa wino wa sublimesheni badala ya ule wa kiwandani. Hizi hupokea karatasi kwa nyuma tangu mwanzo, kwa hiyo njia iliyonyooka tayari ipo. Kwa mwenye hizo, trei ya pili iliyo bora ni printa ya pili: moja ikae na A4, nyingine na karatasi kubwa, na kichwa cha moja kikiziba kazi haisimami. Gharama yake iliyojificha ni rangi. Printa mbili, hata zikitumia wino wa chupa moja, hutoa nyekundu mbili tofauti hadi kila moja itengenezewe wasifu wake wa rangi, na timu ya mpira iliyogawiwa jezi kutoka mashine mbili italiona hilo kabla ya refa kupuliza filimbi. Trei mbili kwenye printa moja zinatumia kichwa kimoja na wino mmoja, na hapo ndipo zinaporudisha bei yake kwa mtu wa jezi.

Aliyeamua kununua aende na jina kamili la modeli, si la kampuni peke yake, kwa kuwa trei ya printa moja haingii kwenye nyingine hata zikifanana kwa sura. Amwombe muuzaji aifunge kwenye mashine ya modeli ile ile, achape mstari mmoja mwembamba kutoka mwanzo hadi mwisho wa karatasi ndefu kuliko zote inayokubalika, kisha apime kwa rula umbali wa mstari huo kutoka ukingoni, juu na chini. Vipimo vikipishana zaidi ya milimita mbili au tatu baada ya vibano kurekebishwa, aombe nyingine itolewe stoo.