Vipuri vya kompyuta navyo huulizwa ukoo

Mji wetu wa Mombasa una desturi ambayo hata vijana wa leo hawajathubutu kuitupa: posa haikubaliwi kabla ya kuuliziwa nyumba, ukoo na jamaa wa anayeposa. Laiti desturi hiyo ingehamia kwenye maduka ya kompyuta yaliyotapakaa hapa kisiwani! Humo kila siku huozwa vipuri visivyojuana, na talaka hutoka kabla ya jua kutua.

Nazungumzia vijana wanaojikusanyia kompyuta ya kwanza ya michezo kwa fedha kidogo. Najua wapo wazee wenzangu watakaoguna kwamba huo ni upuuzi. Mimi sioni hivyo. Kijana aliyefungua kasha la kompyuta kwa mikono yake amejifunza zaidi ya yule aliyekariri sura nzima ya kitabu, na mashine inayomudu michezo huweza pia kuhariri filamu na kuchora ramani za nyumba.

Mpwa wangu wa Kibokoni alidunduliza shilingi 30,000 mwaka mzima baada ya kumaliza kidato cha nne. Akanunua mashine kuukuu ya ofisini, ile nyembamba, kisha katika duka jingine akauziwa kadi ya michoro aina ya GTX 1050 Ti. Muuzaji hakumuuliza itatiwa katika kasha gani. Jioni akanijia nayo mkononi: “Mjomba, haiingii.” Naam, kasha lake lilitaka kadi fupi ya nusu kimo, naye alikuwa amepewa ya kimo kamili. Aliporudi dukani alionyeshwa kibao ukutani: mali ikiuzwa hairudishwi.

Hebu basi tuulizie ukoo. Prosesa na bodi kuu, ambayo mafundi huiita madabodi, hukutana kwenye soketi. Kuingia tu hakutoshi. Prosesa za Intel za kizazi cha 6 na cha 7 hutumia soketi yenye pini 1151, na za kizazi cha 8 na cha 9 vilevile, lakini madabodi iliyotengenezewa kundi la kwanza haiwashi prosesa za kundi la pili. Kwa upande wa AMD, soketi ya AM4 hutumia memori ya DDR4, ilhali AM5, iliyotoka mwaka 2022, haikubali ila DDR5. Memori hizo zina pengo mahali tofauti, na anayelazimisha atavunja. Tena msomaji aitazame herufi ya mwisho: prosesa ya Intel yenye F haina uwezo wa kutoa picha pasipo kadi, bali Ryzen yenye G, mfano 5600G, inao.

Umeme ndio unaowaliza wengi. GTX 1050 Ti hula takriban wati 75, kiasi ambacho tundu la kawaida la madabodi huweza kukitoa, na ndiyo sababu nyingi za aina hiyo hazihitaji waya wa ziada. Kadi kubwa zaidi hutaka waya wake kutoka kwenye pawa saplai, na mashine nyingi za ofisini hazina waya huo. Wala usidhani utabadilisha pawa saplai kwa urahisi. Ile ya kawaida ina plagi ya pini 24, lakini Dell OptiPlex 9020, kwa mfano, hutumia plagi yake ya pini 8. Nami ningechagua pawa saplai ya wati 300 ya kampuni inayojulikana kuliko mpya isiyo na jina inayojigamba wati 600. Hapa kwetu umeme hupanda na kushuka, na upepo wa bahari huleta chumvi hadi ndani ya nyumba za mawe za Mji wa Kale. Kitu hafifu hakidumu.

Jambo jingine ni ulaghai. Kuna kadi za zamani zilizobadilishwa programu ya ndani zijitangaze kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure iitwayo GPU-Z huweza kuzifichua nyingi, kwa hiyo muuzaji aiwashe kadi mbele yako kabla hujafungua pochi.

Isitoshe, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi hudai prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache mno. Mashine zilizotupwa na ofisi kwa sababu hiyo zitaendelea kuuzwa kwa bei ya kuvutia. Mwenye fedha haba na atafute kasha refu lenye kizazi cha 8, kisha ndipo aulizie kadi. Aliye na akiba zaidi kidogo aanze na 5600G juu ya madabodi ya AM4, bila kadi yoyote, aiongeze mwakani akijaaliwa. Njia hii ya pili ndiyo niipendayo, kwani haimlazimishi kijana kununua kila kitu kwa pupa.

Lakini mzigo wote usitwikwe mnunuzi. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidi kikamilifu kile anachonunua, na Sheria ya Kulinda Watumiaji Bidhaa ilipitishwa mwaka 2012. Muuzaji anayejua kwamba kadi zina vimo viwili, akanyamaza, amemnyima mtoto wa watu haki hiyo. Siombi makubwa. Naomba karatasi moja ukutani, chini ya ile inayosema mali ikiuzwa hairudishwi, yenye maswali manne: kasha gani, madabodi gani, memori gani, wati ngapi?