Profesa Joseph Parry, Enoch Sontonga, na Toni za Kikurya

Wanafunzi wa Tarime na Serengeti waimbapo "Mungu Ibariki Afrika" hufuata mahadhi yaliyotungwa mwaka 1897 na Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg. Wako wanaodai kwamba Sontonga aliyatoa katika "Aberystwyth", wimbo wa kanisa uliochapishwa mwaka 1879. Mtunzi wake, Joseph Parry, alizaliwa Merthyr Tydfil, Wales, mwaka 1841. Alihamia Marekani angali mtoto, akafanya kazi katika viwanda vya chuma vya Danville, kisha akasomea muziki London. Mwaka 1874 akawa profesa wa kwanza wa muziki katika chuo cha Aberystwyth. Opera yake *Blodwen*, ya mwaka 1878, iliimbwa kwa Kiwelisi, jambo lisilokuwa la kawaida zama zile. Alifariki mwaka 1903. Sontonga alifuata mwaka 1905.

Madai hayo siyakubali. Mahadhi ya Parry yameegemea *la*, na ya Sontonga yameegemea *do*. Kila mwanakwaya aisikia tofauti hiyo. Kilichowaunganisha hasa ni hati ya do-re-mi, aliyoieneza John Curwen, ambayo ilistawi Wales na katika misheni za Afrika Kusini. Na pamoja nayo, umbo la wimbo wa kanisa, yaani beti nyingi kwa mahadhi yale yale.

Umbo hilo lina gharama kwa lugha ya toni. Sontonga mwenyewe alitunga kwa Kixhosa, ambacho ni lugha ya toni, na mahadhi yasiyobadilika hayawezi kufuata toni za kila ubeti. Kiswahili hakina toni. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yaliyopokewa Tanganyika mwaka 1961 yaliingia bila taabu kubwa. Kikurya ni habari nyingine. Humo toni ya juu ya kitenzi huanzia mora ya kwanza, ya pili, ya tatu au ya nne ya shina, kwa kadiri ya wakati unaotajwa. Irabu fupi huhesabiwa mora moja, ndefu mbili. Viambishi awali humsaidia msikilizaji, ni kweli. Hata hivyo mfasiri wa nyimbo za kanisa anayehesabu silabi peke yake huweza kupandisha sauti pale ambapo sarufi yataka ishuke.

Yafaa basi mtafiti achukue nyimbo za litungu, kinubi cha Wakurya chenye nyuzi nane, apime kila kitenzi kinavyotamkwa na kinavyoimbwa, kisha azilinganishe na tafsiri za kanisani za watu hao hao.