Uji wa Watoto wa Farasi-Bahari

Kwa farasi-bahari, anayejifungua ni baba. Mama humtilia mayai kwenye mfuko wa ngozi ulio mbele ya mkia wake, naye huyalea humo majuma kadhaa. Siku ikifika anaanza kujikunja na kujikunjua, mfuko unafunguka, na watoto wanamtoka fungu kwa fungu, pengine mamia. Kila mmoja ni kama sentimita moja, ameshaumbika kamili, ana mkia wa kujishikiza na pua ya kufyonzea. Na wote wana njaa.

Baharini baba angejiendea zake, maana maji yenyewe yamejaa vidudu vya kuliwa. Huyu wetu anaishi kwenye tangi la kioo. Maji yake ni ya chumvi kama ya bahari, lakini ni safi mno, na usafi huo ndio balaa: hamna humo cha kumeza.

Chakula cha unga cha dukani watoto hawa hawakitaki. Farasi-bahari hana meno, na anawinda kwa macho. Anakikodolea kitu, akiona kinachezacheza anakinyemelea polepole, kisha pua inafyonza, tk! kimeshaingia. Kisichocheza kwake si chakula. Isitoshe, utumbo anao lakini mfuko wa tumbo hana, kwa hiyo alichokula kinapita mbio na inambidi ale tena na tena mchana kutwa.

Uji wake unatoka Great Salt Lake, ziwa la jimbo la Utah, Marekani, lenye maji ya chumvi kali kuliko bahari. Humo anastawi kamba mdogo aitwaye atemia. Baridi ikikaribia, majike hutaga mayai yenye ganda gumu, ambayo huelea na kukusanyika juu ya maji kama mikanda ya rangi ya kahawia. Wavunaji huja kwa mashua, wakaizungushia mikanda hiyo kizuizi kinachoelea na kuivuta kwa pampu. Yakishakaushwa, mayai hutiwa makopo. Kilichomo ndani ya ganda hakili wala hakikui, na wala hakijafa. Kinangoja tu, hata kwa miaka. Mwaka 1972 baadhi ya mayai hayo yalipanda chombo cha Apollo 16, yakauzunguka mwezi na kurudi duniani. Atemia wamepandikizwa hata huku kwetu, kwenye mabwawa ya chumvi upande wa Malindi.

Kuyaangua si kazi ngumu. Mtunzaji huchukua chupa ya soda, akaikata kitako, akaigeuza kichwa chini na kuijaza maji ya chumvi yenye uvuguvugu wa nyuzi 28 hivi. Anatia mayai nusu kijiko, anaingiza mrija wa hewa ili maji yasitulie, anawasha taa. Baada ya saa 24 maji yamekuwa ya rangi ya chungwa. Hapo anauzima upepo na kumulika tochi chini ya chupa. Makombo ya maganda yanapanda juu, na atemia, ambao hupenda mwanga, wanashuka wenyewe kuifuata tochi. Anawafyonza kwa mrija, anawachuja kwa kitambaa laini, anawasuuza. Maganda asiyachanganye, kwani utumbo wa mtoto hauwezi kuyasaga na yanaweza kumziba.

Halafu asichelewe. Atemia anaanguliwa na kiini chake mwilini, na hicho ndicho kinachomfanya awe na lishe. Saa zikipita anakitumia mwenyewe, na ukimlisha mtoto atemia mwenye njaa, umemlisha maji.

Mtunzaji ana tangi la pili pia, lenye kazi nyingine. Humo wamo samaki wepesi, kamba na matumbawe. Matumbawe mengi yana mwani mdogo sana ndani ya mwili, unaoyapikia sukari kwa nguvu ya mwanga, lakini bado hupenda kitoweo. Taa zikizimwa hunyoosha vidole vyake, na mtunzaji huyadondoshea vipande vya kamba kwa bomba la sindano. Sasa tazama: kamba aliye hai ameshanusa! Anakuja mbio, anapanda juu ya tumbawe, anachomoa kipande kutoka mdomoni mwake na kuondoka nacho. Ni mwizi asiye na haya, nami humpenda kwa hilo. Dawa yake ni kumpa yeye kwanza, au kulifunika tumbawe kwa chupa iliyokatwa mpaka lishibe.

Mabaki yasiachwe. Chakula kinachooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa wote waliomo, na kwenye tangi dogo haina pa kukimbilia.

Watoto wa farasi-bahari nao watakua, na uji hautawatosha. Mtunzaji huanza kuwachanganyia: atemia wachache walio hai, na vipande vya kamba wadogo waliotoka kwenye friza. Upepo wa pampu unavirusha vipande huku na huku, navyo vinaonekana kama vinaogelea. Mmoja atadanganyika, atafyonza, ataonja, na akirudia mara ya pili, wenzake huanza kumfuata. Hapo chupa moja ya atemia inaweza kuondolewa mezani.