Muungano wa akina mama Wamormoni katika nchi ya mwethya

KATIKA soko la Tawa, Mbooni Mashariki, ni nadra kumpata mwanamke mtu mzima asiye katika kundi lolote. Huyu yumo katika chama cha kuzungushiana fedha, yule katika kundi la kuchimba matuta, mwingine katika umoja wa akina mama wa kanisa lake, na wengi wamo katika yote matatu kwa pamoja. Kila kundi lina daftari lake, mwenyekiti wake, mweka hazina wake na faini ya anayechelewa. Asiye na kundi huulizwa, nusu kwa mzaha, atazikwa na nani.

Ndiyo maana kundi la akina mama lisilotoza ada wala faini, tena ambalo mwanamke huingia pasipo kujaza fomu, huzua maswali linapotajwa. Kundi la namna hiyo lipo katika kaunti hii ya Makueni. Ni Muungano wa Usaidizi wa Kina Mama, chombo cha wanawake cha Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wengi hulijua kwa jina la Wamormoni. Waumini wake katika Ukambani wamekuwa na matawi kwenye vilima vya Kilungu na upande wa Chyulu, mbali kidogo na Tawa lakini katika maisha yale yale ya mahindi, kunde, mbaazi na kusubiri mvua.

Kanisa hili ni geni likilinganishwa na mengine ya eneo hili. Wamishonari wa Africa Inland Mission walifika Nzaui, katika Makueni ya leo, mwaka wa 1895, na wajukuu wa waumini wao wa kwanza sasa ni vikongwe. Wamormoni waliandikishwa rasmi na serikali ya Kenya Februari 1991. Misheni yao ya Nairobi ilianzishwa Julai mwaka huo huo, na kigingi cha kwanza nchini, yaani muungano wa makusanyiko kadhaa chini ya uongozi mmoja, kikaundwa Nairobi mwaka wa 2001.

Muungano wenyewe, hata hivyo, ni mkongwe. Ulianzishwa Machi 17, 1842, katika mji wa Nauvoo, jimbo la Illinois, Marekani, ndani ya chumba kilichokuwa juu ya duka la Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa hilo. Wanawake 20 walihudhuria mkutano wa kwanza. Walikuwa wamepanga tu kuwashonea mashati wanaume waliokuwa wakijenga hekalu, na mmoja wao akaandika katiba ya chama. Smith alipoiona aliisifu, kisha akapendekeza jambo kubwa zaidi. Mkewe, Emma, akachaguliwa kuwa rais wa kwanza. Kazi waliyojiwekea ilikuwa kuwatafuta maskini na kuwasaidia, pamoja na kuangaliana katika mwenendo mwema.

Baada ya Smith kuuawa mwaka wa 1844, mikutano hiyo ilikoma. Ilifufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1860 huko Utah, na aliyezunguka kutoka kijiji hadi kijiji akiyaunda upya makundi hayo ni mshairi Eliza R. Snow, ambaye alikuwa katibu wa mkutano ule wa kwanza na alikuwa ameyahifadhi madaftari yake.

Sehemu ya historia hiyo ambayo mkulima wa Mbooni ataielewa upesi ni ile ya ngano. Mwaka wa 1876 Brigham Young, kiongozi wa kanisa wakati huo, alimwomba Emmeline B. Wells awahimize wanawake waweke akiba ya nafaka dhidi ya siku za njaa. Wanawake waliokota masazo mashambani, wakanunua ngano kwa fedha za mayai na siagi, wakajenga maghala yao wenyewe. Akiba hiyo ilitumika San Francisco ilipopigwa na tetemeko la ardhi mwaka wa 1906. Mwaka wa 1918, vita vya kwanza vya dunia vikiendelea, zaidi ya magunia madogo 200,000 ya kipimo cha Kimarekani yaliuzwa kwa serikali ya nchi hiyo. Inafaa kukumbukwa kwamba viongozi wanaume waliidhinisha mauzo hayo kabla ya kushauriana na wanawake wenye mali, na baadaye ikabidi waombe radhi.

Katika Ukambani kila njaa kuu ina jina lake. Ile ya mwanzo wa miaka ya 1980 iliitwa Nikwa ngwete, maana yake "nafa nikiwa nacho mkononi": watu walikuwa na fedha ilhali chakula cha kununua hakikuwapo. Mtu aliyeyapitia hayo hahitaji kuhubiriwa sana juu ya ghala. Waumini wa kanisa hili hufundishwa kuweka akiba ya chakula nyumbani kadiri ya uwezo wao, na fundisho hilo, ambalo kwa msikilizaji wa mjini huenda likaonekana la ajabu, hapa halina ugeni wowote.

Mkutano wa Muungano hufanyika kanisani Jumapili. Januari 2019 ulipangiwa Jumapili ya pili na ya nne ya mwezi, ibada ya Jumapili ilipopunguzwa kutoka saa tatu hadi saa mbili. Baada ya ibada ya sakramenti, wanaume huenda chumba chao na wanawake chao. Mwanamke yeyote wa kanisa mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ni mwanachama. Rais wa kundi, washauri wake wawili na katibu hawalipwi. Hawagombei vyeo hivyo wala hawavikatai kwa urahisi, kwa kuwa huitwa na kiongozi wa kusanyiko, ambaye ni mwanamume, nao hupumzishwa anapoona inafaa.

Somo halihubiriwi na mtu mmoja kwa wengine. Anayefundisha leo atakuwa msikilizaji mkutano ujao. Huchukua hotuba ya kiongozi wa kanisa, akauliza maswali, na akina mama wakajibu kutokana na yaliyowapata. Vitabu vya mafundisho vipo kwa Kiswahili, lakini katika makusanyiko ya mashambani mazungumzo yakishapamba moto, Kikamba huingia pasipo kubishiwa hodi.

Wao kwa wao huitana dada. Hilo peke yake ni mtihani. Katika jamii ambamo mwanamke mzee huitwa mwaitu, yaani mama yetu, au huitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, msichana wa miaka 19 kumwita bibi wa miaka 70 "dada" na jina lake si jambo dogo. Wengi hulimaliza kwa busara: ndani ya chumba cha mkutano ni dada, njiani kuelekea nyumbani ni mwaitu.

Lililo zito zaidi katika kazi ya Muungano hutendeka nje ya Jumapili. Kila mwanamke hupangiwa dada wengine wawili wa kumwangalia. Hadi mwaka wa 2018 mpango huo uliitwa ualimu wa kutembelea: wageni walikuja kila mwezi na ujumbe uliochapishwa, kisha ripoti ya ziara ikahesabiwa. Aprili mwaka huo utaratibu ulibadilishwa. Ujumbe wa kila mwezi uliondolewa, na sasa jambo linaloulizwa ni iwapo mtu huyo anaendeleaje, si iwapo alitembelewa. Mwenye mtoto mgonjwa huenda akahitaji mtu wa kumchotea maji. Aliyefiwa huhitaji watu wa kupika.

Hapo ndipo Muungano unapokutana na mwethya. Kwa desturi ya Wakamba, mtu mwenye kazi iliyomzidi, iwe kulima, kupura au kujenga, aliwaalika majirani nao wakaja na majembe yao; yeye akawapa chakula. Serikali ya kikoloni iliigeuza desturi hiyo kuwa kazi ya lazima ya kuchimba matuta, na watu wakaichukia. Baada ya uhuru akina mama waliirejesha kwa hiari yao, na matuta mengi yanayoonekana leo katika milima ya Mbooni ni jasho la makundi ya wanawake, sawa na mabwawa ya mchanga yaliyojengwa katika mito ya msimu ya Machakos, Makueni na Kitui.

Tofauti ni kwamba mwethya una hesabu. Aliyekuja kwako leo utakwenda kwake kesho, na asiyekwenda hujulikana. Katika Muungano hesabu hiyo haitakiwi kuwekwa. Mwanamke ataangaliwa na watu wawili ambao huenda yeye hakupangiwa kuwaangalia kamwe. Hilo ni zuri kulisikia, ingawa kulitenda katika mwaka wa ukame, kila mtu akiwa na debe moja la mahindi nyumbani, ni shughuli nyingine.

Msaada wa chakula nao una njia yake. Jumapili ya kwanza ya mwezi waumini hufunga, wakaacha milo miwili na kutoa thamani yake kwa ajili ya maskini. Fedha hizo hazishikwi na akina mama. Huidhinishwa na kiongozi wa kusanyiko, lakini rais wa Muungano ndiye mara nyingi anayetumwa nyumbani kwa mhitaji kuangalia kilichomo jikoni na kuandika kinachokosekana. Anachokiona huko hapaswi kukisema sokoni. Anayesaidiwa naye huombwa afanye kazi fulani kadiri ya nguvu zake, kwa sababu kanisa linasisitiza kujitegemea.

Kwamba wanawake hawashiki mfuko ni jambo linaloweza kuwashangaza wanachama wa vyama vya Tawa, ambao husoma hesabu zao kwa sauti mbele ya wote. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Muungano ulikuwa na bajeti, ada na jarida lake hadi kufikia 1970, mambo hayo yalipounganishwa na utawala mkuu wa kanisa. Kwa upande mmoja, kuondolewa kwa ada kulimfungulia mlango mwanamke asiye na kitu. Kwa upande mwingine, chombo kilichowahi kujenga maghala yake kilibaki kikiomba idhini. Hata ukuhani katika kanisa hili ni wa wanaume pekee, na wanawake wa Marekani waliodai uwe wao pia walijikuta matatani. Mmoja wa waanzilishi wa vuguvugu hilo alitengwa na kanisa mwaka wa 2014.

Kwa mwanamke Mwafrika kuna swali jingine. Hadi Juni 1978 kanisa hilo liliwanyima wanaume weusi ukuhani, na weusi wote, wanaume kwa wanawake, ibada kuu za hekaluni. Jane Manning James, mwanamke mweusi aliyetembea kwa miguu pamoja na jamaa zake sehemu kubwa ya safari ya kwenda Nauvoo mwaka wa 1843, alikuwa mwanachama wa Muungano huko Salt Lake City. Aliomba ibada hizo tena na tena, akanyimwa, akafariki mwaka wa 1908 bado akiwa muumini. Kanisa lilipofika Ukambani marufuku hayo yalikuwa yameshaondolewa, lakini historia haifutiki kwa kutotajwa.

Yapo pia yanayomgusa mwanamke nyumbani kwake moja kwa moja. La kwanza ni chai. Wamormoni, kwa kufuata agizo la mwaka wa 1833, hawanywi chai, kahawa wala pombe. Katika boma la Mkamba, mgeni asipopewa chai ya maziwa huondoka akijiuliza amekosea wapi. Mama muumini hulazimika kupata jambo jingine la kuweka mezani: uji, kakao, au maziwa yaliyochemshwa na tangawizi. Pombe ni ngumu zaidi kuikwepa, maana mazungumzo ya mahari kwa desturi huambatana nayo. Mahari yenyewe imekosolewa na viongozi wa juu wa kanisa; Dallin H. Oaks, katika makala ya mwaka wa 2012 kuhusu utamaduni, aliitaja kuwa desturi inayowachelewesha vijana kufunga ndoa. Ni bibi gani wa Mbooni atakubali kwa wepesi kwamba mjukuu wake aolewe bure? Hapo wanawake wenyewe hawana sauti moja.

Zito kuliko yote ni mitala. Watu wengi wangali wanawahusisha Wamormoni na ndoa za wake wengi, ilhali kanisa lilitangaza kuiacha desturi hiyo mwaka wa 1890. Leo aliye katika ndoa ya mitala habatizwi maadamu ndoa hiyo inaendelea. Kwa mke wa pili, mwenye watoto na shamba katika boma la mumewe, masharti hayo yana maana kwamba atakaribishwa mkutanoni, ataimba, atasikiliza somo, huenda hata akaletewa chakula akiugua, lakini jina lake halitaandikwa katika kitabu. Kulivunja boma ili abatizwe kungewagharimu watoto wake.

Kwa walioandikwa, jambo moja limekuwa rahisi. Kwa miaka mingi Mkenya aliyetaka kuzipokea ibada za hekaluni alilazimika kusafiri hadi Johannesburg, Afrika Kusini, ambako hekalu la kwanza barani lilifunguliwa mwaka wa 1985. Familia ziliuza ng'ombe, nyingine zikangoja na kuzeeka. Hekalu la Nairobi lilitangazwa Aprili 2017, ujenzi ukaanza 2021, nalo likawekwa wakfu Mei 18, 2025. Sasa mama kutoka vilima vya Kilungu anaweza kupanda matatu alfajiri, akaingia hekaluni na kurejea jioni kufungia mbuzi.