Msimu wa Mvua Chache katika Masoko ya Kisangani

Katika nchi za kaskazini mwa dunia, miezi ya Desemba hadi Februari huwa ya baridi kali, na masoko ya wakulima husalia na viazi, karoti na kabichi zilizovunwa zamani na kuhifadhiwa ghalani. Kisangani, mji mkuu wa jimbo la Tshopo katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, uko karibu na ikweta, takribani nusu nyuzi kaskazini mwake, na joto lake la wastani, linalokaribia nyuzi 25 za Selsiasi, halibadiliki sana kutoka mwezi mmoja hadi mwingine. Hata hivyo miezi hiyo ina sura yake hata huko, kwa kuwa mvua, ambayo kwa mwaka huzidi milimita 1,700, na ambayo huwa nyingi kuelekea Oktoba na Novemba kisha tena kuelekea Aprili na Mei, hupungua mwishoni mwa Desemba na kufikia kiwango chake cha chini Januari na Februari. Upungufu huo hauuondoi unyevu wa msitu, lakini unatosha kubadilisha ukavu wa nafaka, wingi wa samaki na hali ya barabara, na mnunuzi anayeufahamu hupata chakula bora kwa bei inayomwachia mkulima haki yake.

Zao linalostahili kutazamwa kwanza ni mpunga. Kilimo chake kilienea katika eneo la maporomoko ya Boyoma, yaliyo karibu na mji huo, pamoja na wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu waliofika kutoka mashariki katika karne ya 19, akiwemo Tippu Tip, aliyeteuliwa kuwa liwali wa eneo hilo mwaka 1887. Baadaye serikali ya kikoloni ya Ubelgiji, kwa sheria za kilimo cha lazima zilizoanza mwaka 1917, iliwalazimisha wanavijiji kulima mazao iliyoyataka yenyewe, mpunga na pamba yakiwemo. Historia hiyo ya shuruti haipaswi kusahaulika, lakini mchele wa kienyeji umekwisha kuwa chakula cha wenyeji kwa hiari yao. Mpunga huhitaji takribani miezi minne shambani, hivyo ule unaopandwa Agosti na Septemba huvunwa mwaka unapokwisha, na Januari mchele mpya huingia sokoni kwa wingi, wakati ule ule ambapo mkulima anahitaji fedha za karo na za kuwalipa vibarua wa kufyeka shamba jipya. Kwa sababu hizo mbili bei hushuka, kisha hupanda polepole kuelekea Mei na Juni, akiba inapopungua kabla ya mavuno ya katikati ya mwaka.

Mchele mpya una kasoro zinazoweza kutambuliwa kwa mkono na kwa jino. Nafaka inayofaa kuwekwa ghalani inapaswa kuwa na unyevu usiozidi asilimia 14 hivi ya uzito wake. Punje yenye unyevu wa namna hiyo huvunjika kwa mlio inapoumwa, ilhali ile ambayo haijakauka hubonyea kwanza. Mpunga ulioanikwa juani kwa haraka mno hupasuka ndani, na ukikobolewa hutoa chenga nyingi, na ule ulioanikwa kando ya barabara bila turubai huja na vijiwe ambavyo mpishi hulazimika kuvipepeta na kuvichagua.

Karanga, ambazo nazo huvunwa kuelekea mwisho wa mwaka, zinahitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwani katika joto na unyevu huota kuvu aitwaye Aspergillus flavus, anayetoa sumu ya aflatoksini, ambayo hudhuru ini na huweza kusababisha saratani yake. Sumu hiyo ilianza kutambuliwa mwaka 1960, baada ya zaidi ya batamzinga 100,000 kufa nchini Uingereza kwa kula mashudu ya karanga, na jambo la kutisha ni kwamba kukaanga au kuchemsha hakuiondoi yote. Karanga kavu hugongagonga ndani ya ganda likitikiswa, na punje zake huwa zimejaa, zenye ngozi laini isiyo na madoa. Zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye harufu ya uvundo zinapaswa kuachwa hata zikiuzwa kwa bei ya kutupa, na hazifai kusagwa ili kufichwa ndani ya mchuzi.

Muhogo una utaratibu tofauti kabisa. Mizizi yake huweza kubaki ardhini mwaka mzima au zaidi, ikawa akiba ya familia isiyohitaji ghala, lakini ikishang'olewa huanza kuharibika ndani ya siku mbili au tatu. Kwa hiyo mingi hulowekwa majini siku kadhaa, hatua inayoilainisha na kupunguza viambata vinavyozalisha sianidi, yaani sumu ya asili ya mmea huo, kisha huanikwa au hupondwa na kufungwa katika majani ili iwe kwanga. Januari jua husaidia, na vipande vilivyoanikwa vizuri huwa vyeupe na hukatika kwa urahisi. Vyenye madoa meusi au ya kijani vimepata kuvu. Sombe, yaani majani ya muhogo, hupatikana mwaka mzima, na yaliyo bora ni machanga ya kileleni, ambayo sharti yatwangwe na kuchemshwa kwa muda mrefu, kwani yana sumu ile ile. Ndizi za kupikia, ambazo huko hupondwa kuwa lituma, chakula ambacho mji huo unajivunia, nazo hazina msimu mkali, ila huiva upesi na haziwezi kungojea gari lililokwama.

Gari lililokwama ndilo kiini cha suala zima. Barabara nyingi zinazoingia Kisangani kutoka vijijini ni za udongo, na mvua kubwa huzigeuza kuwa matope yanayowashinda hata waendesha baiskeli, wale wanaojulikana mjini kwa jina la toleka, ambao hubeba magunia na mikungu ambako malori hayafiki. Mvua zinapopungua usafiri huo huwa mwepesi, na maharage, vitunguu na viazi kutoka nyanda za juu za Kivu na Ituri hufika kwa urahisi zaidi, ikiwa usalama wa njia unaruhusu. Katika Mto Kongo nako kuna mabadiliko yake: maji yanaposhuka baada ya kilele cha mwisho wa mwaka, samaki waliokuwa wametawanyika katika misitu iliyofurika hurudi mtoni na kwenye mabwawa, wakawa rahisi kuvuliwa, ilhali mashua kubwa zinazotoka Kinshasa, safari ya takribani kilomita 1,700, hukabiliwa na hatari ya kukwama kwenye mchanga, na chumvi, sukari na sabuni zinazobeba huchelewa.

Kwa hiyo bei inayotajwa sokoni ina ndani yake nauli, ushuru wa vizuizi vya njiani, faida ya mchuuzi na hasara ya kilichooza, na sehemu inayomfikia mwanamke aliyelima, kuvuna na kuanika mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote. Kumbana yeye kwa bei Januari, wakati hana uwezo wa kungoja, ni kumnyima mbegu na vibarua wa msimu unaofuata, na upungufu huo humrudia mnunuzi mwenyewe bei zinapopanda Juni. Wasimamizi wa masoko ya mitaa ya Makiso, Mangobo, Tshopo na Lubunga wanapaswa kuweka sakafu safi za kuanikia, paa na mizani za wazi. Nao wanunuzi, bila kusubiri hayo, waulize zao limetoka barabara gani na limevunwa lini, wanunue akiba ya mchele na karanga mapema ikiwa kavu, na walipe bei inayomwezesha mkulima kurudi.