Kwa nini nyota pacha hazipatwi kwa saa ileile?

Taa za barabara ya University katika mtaa wa Frogtown, mjini Saint Paul, Marekani, huzificha nyota nyingi zisionekane na wakazi wake, wakiwemo waliotoka Afrika Mashariki. Hata hivyo, usiku wa Desemba, Algol huonekana hata hapo, karibu na utosi. Msikilizaji aliyeko Mombasa au Dar es Salaam huitafuta upande wa kaskazini. Jina lake ni la Kiarabu, Rasi l'Ghuli, yaani kichwa cha zimwi. Wapenzi wa tenzi za Kiswahili wanalifahamu kwa kisa kingine.

Kila baada ya siku 2, saa 20 na dakika 49, Algol hufifia hadi kubaki na takriban thuluthi moja ya mwangaza wake. Mwaka 1783 kijana kiziwi wa Uingereza, John Goodricke, alieleza kwamba huenda kuna kitu kinachopita mbele yake. Sasa inafahamika kuwa ni nyota mbili zinazozungukana, na ile hafifu huikinga yenye kung'aa.

Lakini saa ya kupatwa huko haitulii. Algol ina nyota ya tatu, inayoizunguka jozi hiyo kwa siku zipatazo 680. Mvutano wake huifanya jozi itusogelee, kisha iwe mbali. Ikiwa mbali, nuru huwa na safari ndefu zaidi, na kupatwa huonekana kumechelewa kwa dakika kadhaa, ingawa huko kwenyewe hakuna kilichochelewa. Aidha, nyota zilizokaribiana mno hunyang'anyana gesi. Uzito ukihama, mzunguko wenyewe hurefuka au hufupika. Wataalamu wa elimu ya nyota wanazishuku pia nguvu za sumaku ndani ya nyota.

Kuzitenganisha sababu hizo huhitaji vipimo vya miaka mingi, na kosa moja laweza kupotosha hesabu nzima. Mwaka 2017 Profesa Larry Molnar wa chuo cha Calvin, Michigan, alitangaza kwamba jozi iitwayo KIC 9832227, inayozungukana kwa saa 11 hivi, ilikuwa ikizidi kuharakisha. Alitabiri kwamba mwaka 2022 nyota hizo zingeungana, na mlipuko wake ungeonekana kwa macho matupu. Haukuwa utabiri wa ovyo: mwaka 2008 jozi nyingine, V1309 Scorpii, ililipuka na kuungana baada ya mzunguko wake kufupika mwaka hadi mwaka.

Mwaka 2018 watafiti walioongozwa na Quentin Socia wa chuo kikuu cha San Diego State walichunguza vipimo vya mwaka 2003 ambavyo havikuwa vimechapishwa. Vilikataa kulingana na hesabu. Chanzo kilikuwa kosa la uchapaji katika makala ya zamani, lililoisogeza saa ya kupatwa kwa mwaka 1999 kwa saa 12. Kwa jozi yenye mzunguko wa saa 11, kosa hilo huonekana kama tofauti ya saa moja tu, na si rahisi kulitambua. Molnar mwenyewe aliafiki. Mwaka 2022 ulipita bila mlipuko.